Muulize Mwalimu wa Kemia: Galiamu yangu imefika ikiwa maji, nimetapeliwa?

Habari zenu wasomaji. Mwezi huu maswali yamekuja mengi alafu karibu yote yanazunguka jambo lilelile, kwamba kwenye joto la kawaida elementi gani ni yabisi, gani kimiminika, gani gesi, na kwa nini iwe hivo. Nimefurahi sana maana hii ndo topiki niliyoipenda kuliko zote nilipokuwa nafundisha. Yote sitayamaliza, nimechagua sita.

Shikamoo mwalimu. Mwezi wa pili niliagiza galiamu gramu 50 mtandaoni kwa ajili ya mwanangu, anapenda sana sayansi. Kwenye picha ilikuwa kipande kigumu kinang'aa kama fedha, kilichonifikia ni kichupa kina kitu cha majimaji kinachezacheza humo ndani. Muuzaji anasema ndo yenyewe, mume wangu anasema nimeuziwa zebaki nikaitupe. Nimetapeliwa?
*Mama wa watoto wawili, Sinza, Dar es Salaam*

Marahaba mdogo wangu. Kwa unavyoeleza sioni kama umetapeliwa. Galiamu ni metali inayoyeyuka kwenye nyuzi 29.76 za Selsiasi, yaani hata thelathini haifiki, sasa we niambie Dar mwezi wa pili saa nane mchana chumba chako kina nyuzi ngapi? Thelathini na moja, thelathini na mbili, feni inazunguka inakupulizia joto lilelile. Muuzaji kaipiga picha mahali penye ubaridi ikiwa kipande, ikasafiri, ikafika Sinza ikayeyuka.

Ila mume wako naye ana haki ya kuwa na wasiwasi, kwa macho tu hivi vitu viwili vinafanana sana, kwa hiyo hakikisheni bila kufungua kichupa. Kwanza angalia ujazo. Gramu 50 za galiamu ni kama kijiko cha chai kimoja na nusu na kidogo juu yake, gramu 50 za zebaki hazijazi hata kijiko kimoja kwa sababu zebaki ni nzito zaidi ya mara mbili. Pili funga kichupa kwenye mfuko wa plastiki uweke friza usiku kucha. Friza ya nyumbani inafika kama nyuzi 18 chini ya sifuri, galiamu hapo itakuwa jiwe, lakini zebaki inataka karibu 39 chini ya sifuri ndo igande kwa hiyo asubuhi utaikuta bado inateleza vilevile. Angalizo mbili hapo: galiamu ni kaidi, inaweza kupoa ikapita nyuzi zake za kuganda na bado ikabaki majimaji, ndo maana nasema usiku kucha na sio dakika kumi. Alafu ikiganda inatanuka kama maji yanavyotanuka yakiwa barafu, metali nyingi hazifanyi hivo, sasa kama kichupa ni cha kioo na kimejaa hadi shingoni kitapasuka.

Ikithibitika ni galiamu mwache mwanao aicheze kiganjani, mwili wake una nyuzi 37 kwa hiyo hata siku ya baridi itayeyuka mkononi mwake akiiona, avue pete na anawe baada ya hapo kwa sababu inaacha weusi. Ila iwe mbali na aluminiamu yoyote, sufuria, simu, laptop. Tone moja likikaa juu ya aluminiamu linajipenyeza ndani ya metali na kuivunja nguvu, baada ya muda unaibomoa kwa vidole kama biskuti. Ndo maana kuisafirisha kwa ndege kuna masharti makali, maana miili ya ndege nyingi ni aluminiamu hiyohiyo.

Na umsimulie mwanao hili: mwaka 1871 mwanakemia Mrusi Mendeleev aliacha nafasi wazi kwenye jedwali lake la elementi, chini ya aluminiamu, akasema hapa kuna elementi haijaonekana bado, itakuwa metali, itayeyuka kwa joto dogo. Mwaka 1875 Mfaransa Lecoq de Boisbaudran akaipata. Ndo hiyo mliyonayo kwenye kichupa.

Sasa nataka wote mlichukue hili kabla hatujaendelea maana majibu mengine yanasimama juu yake. Kusema "elementi hii ni kimiminika" ni sentensi nusu, lazima useme kwenye joto gani na presha gani. Vitabu vinaposema joto la chumba vinamaanisha nyuzi 25, vingine 20, kwa presha ya kawaida ya hewa, ni makubaliano tu ya watu ili waelewane. Kwa nyuzi 25 elementi za kimiminika ni mbili, bromini na zebaki. Sinza mwezi wa pili mchana ni nne, unaongeza galiamu na sesiamu, sesiamu inayeyuka kwenye 28.5. Siku hiyohiyo Makete watu wamevaa makoti na hapo ni mbili tu.

Mwalimu wetu alisema elementi za kimiminika ni mbili, kitabu cha rafiki yangu kinasema nne, mwingine kaona tano kwenye intaneti. Kwenye mtihani niandike ngapi?
*Mwanafunzi, kidato cha pili, Kahama*

Andika mbili mwanangu, bromini na zebaki, na uongeze maneno "kwa nyuzi joto 25". Waliosema nne wamepandisha joto mpaka 30, nimeshaeleza hapo juu. Wa tano ni fransiamu, inakadiriwa nayo ingeyeyuka karibu na hapo, lakini hakuna mtu aliyewahi kuishika ya kutosha hata kuiona ikiyeyuka, aina yake inayodumu kuliko zote nusu yake inaoza ndani ya dakika 22.

Gesi ni 11: haidrojeni, naitrojeni, oksijeni, florini, klorini, alafu zile sita za safu ya mwisho kulia, heliamu, neoni, agoni, kriptoni, zenoni na radoni. Zilizobaki ni yabisi, ukiacha zile nzito za mwisho mwisho wa jedwali ambazo zimetengenezwa atomi chache tu maabara.

Hujambo mwalimu. Mimi ni mzazi, nilikuwa nikimsaidia kijana wangu homework nikakwama. Florini na klorini ni gesi, bromini ni kiowevu, ayodini ni yabisi, na zote ziko kwenye kundi moja, tabia zao ni za ndugu. Iweje hali ziwe tofauti namna hiyo?
*Mzazi, Mombasa*

Sijambo ndugu yangu, na hongera kwa kukaa na mtoto kwenye homework. Umegusa safu nzuri kuliko zote kwenye jedwali zima, ukoo mmoja una hali zote tatu.

Atomi za hizi elementi zinatembea mbilimbili, mke na mume. Hao wawili wameshikana sana. Lakini kati ya jozi na jozi nyingine kuna mvuto mdogo tu, na huo mvuto mdogo ndo unaoamua kama kitu ni gesi au yabisi. Fikiria ukumbi wa harusi umejaa wanandoa, sherehe ikiisha watu wanatawanyika kila mtu njia yake lakini kila mke anaondoka na mume wake. Bromini ikichemka ndo inavyokuwa, jozi zinaachana na jozi nyingine, zenyewe hazivunjiki. Wanafunzi wengi wanakosea hapa, wanaandika kwenye mtihani kwamba kuchemka ni kuvunja atomi na atomi.

Huo mvuto kati ya jozi unatokana na elektroni, vile vichembe vinavyozunguka kiini cha atomi, zinayumbayumba upande huu na huu na kila zikiyumba zinavuta jirani. Ukiwa na elektroni nyingi zilizo mbali na kiini, zinayumba kirahisi na mvuto unakuwa mkubwa. Jozi ya florini ina elektroni 18 tu, inachemka kwenye nyuzi 188 chini ya sifuri. Klorini ina 34, inachemka kwenye 34 chini ya sifuri. Bromini 70, inachemka kwenye 59 juu ya sifuri. Ayodini 106, inachemka kwenye 184. Mwambie kijana aziandike kwenye mstari mmoja aone zinavyopanda ngazi, zile mbili za kwanza kwenye joto la chumba zimeshapita kuchemka zamani, bromini imeshayeyuka ila haijachemka, ayodini hata kuyeyuka bado.

Na hiyohiyo inajibu swali jingine nililoletewa, kwa nini oksijeni ni gesi na salfa iliyo chini yake ni yabisi ya njano. Oksijeni inatembea mbilimbili, salfa imeshikana nanenane kwenye duara, molekuli moja ina elektroni 128, itaruka wapi? Inataka nyuzi 115 ndo iyeyuke.

Habari za kazi. Mimi ni muuguzi. Mtungi wa gesi ya kupikia nyumbani nikiutikisa nasikia maji ndani, mtungi wa oksijeni wa wodini hausikiki kitu hata ukiwa umejaa. Na ile saa ya presha ya oksijeni inashuka pole pole naona imebaki kiasi gani, ila gesi ya jikoni inakatika ghafla wali haujaiva. Tofauti ni nini?
*Muuguzi, Mbeya*

Hili swali nimelipenda jamani, mtu anayetumia macho na masikio yake kazini.

Gesi ya jikoni sio elementi, ni mchanganyiko wa propani na butani, lakini inatufundisha vizuri kuhusu presha. Ukiibana kidogo tu, kwenye joto hilihili la kawaida, inageuka kimiminika, ndo hayo maji unayoyasikia. Ukifungua koki kinachotoka ni mvuke wa juu na yale maji ya chini yanachemka kufidia, presha inabaki ileile kwa siku nyingi mpaka tone la mwisho liishe, alafu ndo inaporomoka. Kwa hiyo saa ya presha haikusaidii kitu hapo, gesi ya jikoni inapimwa kwa mizani.

Oksijeni iko tofauti kabisa. Kila gesi ina joto lake la mwisho ambalo ukiwa juu yake hata uibane kiasi gani haigeuki kimiminika. La oksijeni ni nyuzi 118 chini ya sifuri. Wodini kwako hata usiku wa baridi wa mwezi wa saba kuna kama nyuzi 10 na kitu, sasa hata mtungi ukiwa umejazwa kwa presha zaidi ya mara mia ya hewa ya nje, humo ndani ni gesi tupu iliyosongamana, kila ikitumika inapungua na saa inashuka nayo, ndo maana unaweza kuiamini. Hospitali kubwa zenye lile tangi jeupe refu nje, hiyo ni oksijeni ya kimiminika kweli, lakini wameipoza mpaka nyuzi 183 chini ya sifuri na tangi lina kuta mbili kama chupa ya chai.

Kama unataka elementi inayofanya kama gesi ya jikoni ni klorini. Mitambo ya kusafisha maji ya mji inaipokea kwenye mitungi ya chuma ikiwa kimiminika, joto la kawaida, presha tu ndo imeibana. Mtungi huo ukivuja inarudi gesi palepale, nzito kuliko hewa, inatambaa chini, na ni sumu, ukiisikia harufu panda juu uende upande unaotoka upepo.

Assalaam alaykum mwalimu. Niko Maskati mwaka wa tisa sasa. Huku mwezi wa sita kivulini inafika 45, AC ikizima chumba ni tanuri. Je hesabu ya vimiminika inabadilika tena?
*Msomaji, Maskati, Oman*

Waalaykum salaam. Inabadilika, kwenu ndo inanoga. Kwa nyuzi 45 unazo bromini, zebaki, galiamu, sesiamu, alafu unaongeza rubidiamu inayeyuka kwenye 39.3, hiyo ni mitano. Fosforasi nyeupe nayo ingeyeyuka kwenye 44 lakini usiihesabu ikiwa wazi, hewani inajiwasha yenyewe ikifika kama nyuzi 30, ndo maana inahifadhiwa ndani ya maji. Na bromini yako ingekuwa imekaribia kuchemka, inachemka chini kidogo ya 59, dashibodi ya gari lililofungwa vioo juani Maskati inapita hapo bila shida.

Kuna msomaji wa Minnesota Marekani aliuliza hilohilo upande wa baridi. Kwake bromini inaganda kwenye nyuzi 7 chini ya sifuri, hiyo kwao ni siku ya kawaida ya Januari. Ikifika 34 chini klorini inakuwa kimiminika, na usiku ule mbaya wa kaskazini ukipita 39 chini hata zebaki inakuwa jiwe. Kwa karne nyingi watu wa Ulaya waliamini zebaki haigandi kamwe, mpaka Desemba 1759 kule St. Petersburg wanasayansi Braun na Lomonosov walipochanganya theluji na asidi wakaipoza mpaka ikawa metali ngumu ya kugongwa kwa nyundo.

Wote wawili mmeuliza mbona zebaki peke yake kati ya metali za kawaida ndo iko hivi, wakati jirani yake dhahabu inasubiri mpaka 1,064. Jibu lake linanishangaza mpaka leo. Kiini cha zebaki kina protoni 80, zinavuta elektroni za ndani kwa nguvu kubwa mpaka zinakimbia zaidi ya nusu ya kasi ya mwanga, na kwa kasi hiyo kanuni za Einstein zinaanza kufanya kazi, elektroni zinasogea karibu na kiini, hata zile mbili za nje ambazo atomi ingezitumia kushikana na wenzake zinavutwa ndani na kubaniwa humo. Atomi za zebaki zinabaki hazishikani vizuri. Mwaka 2013 wanasayansi walipiga hesabu kwa kompyuta, wakaona bila athari hiyo zebaki ingeyeyuka kwenye nyuzi 82, ingekuwa kipande kigumu mfukoni mwako.

Mwalimu mume wangu ni mchimbaji mdogo. Akitoka mgodini anakuja kuchomea dhahabu nyumbani, jikoni, kwenye jiko langu la mkaa. Nikilalamika anasema zebaki ikichomwa inaisha yote, hakuna kinachobaki, angalia hata mwenyewe kwenye kikaango kuna dhahabu tu. Nina mtoto wa miaka mitatu na nina ujauzito. Ana ukweli?
*Mama, Geita*

Dada yangu hapana. Swali lako nimelisoma mara nyingi kuliko mengine yote na nimeliweka mwisho ili nipate nafasi ya kulijibu vizuri.

Zebaki haiishi. Imebadilika hali tu, kama maji ya sufuriani yanavyokuwa mvuke. Zebaki inachemka kwenye nyuzi 357 na dhahabu hata kuyeyuka inataka 1,064, kwa hiyo ule mchanganyiko wa zebaki na dhahabu ukiwekwa motoni zebaki karibu yote inaondoka na dhahabu inabaki, hapo mume wako anachokiona kwenye kikaango ni kweli. Asichokiona ni kwamba ile zebaki iko hewani, haina rangi, haina harufu, mnaivuta nyote mliomo ndani. Ikipoa inarudi kuwa vitone vidogo kuliko vya kuonekana na vinatua ukutani, kwenye paa, kwenye ndoo ya maji, kwenye unga. Na haitulii hapo, zebaki inatoa mvuke hata bila moto kwenye joto la chumba tu, kwa hiyo jikoni kwako inaendelea kutoka hata siku ambazo hachomi.

Mvuke huo unapita kwenye mapafu unaingia kwenye damu mpaka kwenye ubongo, na kwa mama mjamzito unavuka kwenda kwa mtoto tumboni. Mikono kutetemeka, kusahau, kukosa usingizi, hasira za ghafla, mwangalie mume wako kama ana hizo dalili maana yeye ndo yuko karibu zaidi na moshi. Mkataba wa kimataifa wa Minamata uliopitishwa 2013 na kuanza kazi 2017 umetaja jambo hilihili, kuchoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu sehemu ya wazi na kuchoma kwenye makazi ya watu, kwamba lazima vikomeshwe. Jina ni la mji wa Japani ambako kiwanda kilimwaga taka zenye zebaki baharini, watu wakala samaki, na ugonjwa ukatambuliwa mwaka 1956.

Nami nimeishika. Tulipokuwa shule, kipimajoto kilivunjika maabara na tukaisukumasukuma zebaki kwa vidole kipindi kizima, mwalimu aliyekuwepo hakusema kitu, hakuna aliyetufundisha. Siwezi kukubali mwanao akue vilevile.

Mwambie mume wako kwa lugha ya hela kwanza: ile zebaki anayoiunguza ameinunua. Kuna kifaa kinaitwa retoti, ni chungu cha chuma kilichofungwa chenye bomba, mvuke unapita kwenye bomba unapozwa unarudi kimiminika, anaikinga kwenye maji na kuitumia tena. Hata akiwa nayo isiwe nyumbani, iwe mbali na watu na asimame upande unaotoka upepo. Aongee na wenzake kwenye kikundi, kununua retoti moja kwa watu kumi inawezekana.

Kuanzia leo asichome tena ndani. Kikaango hicho kisirudi kwenye chakula hata kikioshwa, na lile jiko lihame lisipikie tena. Nguo zake za kazi zisilale chumbani na mtoto. Ukikuta vitone vya zebaki chini usifagie, ufagio unavipasua vinakuwa vingi na mvuke unaongezeka, fungua madirisha, mtoe mtoto, vikusanye kwa vipande viwili vya karatasi ngumu na vile vidogo uvinase kwa selotepu, weka kwenye kopo lenye mfuniko wa kubana. Na kliniki yako ya wajawazito inayofuata mchukue na mtoto, mwambie nesi au daktari neno lenyewe, kwamba nyumbani kunachomwa zebaki, usiseme moshi wa jikoni tu, ili wajue cha kupima.